Utando wa kaboni kwa kibatari: pa kushika kioo motoni

Kuwaonesha wanafunzi wa skuli kwamba kaboni ileile hutoa tando tofauti hakuhitaji mtambo wa ombwe (chombo kilichoondolewa hewa). Hapa Chake Chake natumia kibatari, mafuta ya taa na vioo vya hadubini.

Hatua ya 1. Osha kioo kwa sabuni, kifute kwa spiriti, kisha kishike kwa koleo. Kidole kisikiguse tena.

Hatua ya 2. Sawazisha utambi, zima feni, funga dirisha (utalifungua ukimaliza, moshi si mchezo). Msimu wa kusi, hata upenyo mdogo huyumbisha moto na utando ukatoka madoadoa.

Hatua ya 3. Ingiza kioo kwenye manjano ya moto, ukikipitisha huku na huku. Kikitulia pahala pamoja kinaweza kupasuka. Mwanzo kioo huingia ukungu. Huo ni mvuke wa maji yanayotokana na mafuta kuungua. Ukishakauka, weusi unaanza. Masizi, ndiyo kaboni yetu, hukimbilia penye baridi, hivyo kioo kikishapata moto kasi hupungua. Usitarajie sekunde 30 zikupe unene maradufu ya sekunde 15.

Hatua ya 4. Muda ubaki uleule, badilisha kimo tu. Kwangu mimi jaribio lenyewe ndilo hili. Karibu na utambi mafuta hayajaungua vizuri, na mabaki yake huingia kwenye utando. Katikati unapata weusi tii, wa chembe za makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) zilizoegemeana na kuacha vinafasi vya hewa. Nchani oksijeni imeshakula masizi mengi, hupati cha maana.

Hatua ya 5. Kwa sirinji isiyo na sindano, weka tone la maji taratibu juu ya kioo cha katikati. Litasimama duara kama shanga, na ukiinamisha kioo linabiringika. Liangalie kwa karibu: limejipaka chembe nyeusi njia nzima.

Hatua ya 6. Bandika selotepu, ng'oa. Masizi yote yanakuja nayo, maana hayakufungamana na kioo. Kwenye mtambo wa ombwe, ayoni za kaboni (atomi zenye chaji ya umeme) zikigonga kwa nishati ya takriban elektronivolti 100, vifungo vya aina ya almasi huwa vingi na utando mgumu. Lakini msingi, yaani kitu kinachopakwa utando, ukipashwa moto kupita kiasi, vifungo hivyo hugeuka vya grafiti (kaboni laini ya penseli), na ugumu unapungua sana.