Jinsi ya kuijua Indonesia ukiwa umekaa dakani Lamu

Kwanza kabisa usianze na ile ramani ya ukutani. Mimi nilianza nayo nikapoteza siku nzima. Mpwa wangu alikuja na kazi ya skuli, achague nchi moja ya Asia ya Kusini Mashariki aieleze historia na jiografia yake, akachagua Indonesia manake jina lilimpendeza, basi. Tukaenda saiba tukaprinti ramani, tukaanza kukariri majimbo. Majimbo yako 38! Kufika magharibi alikuwa na sita kichwani na machozi machoni, na mimi mwenyewe bado nachanganya Sumatra na Sumbawa. Siku ya pili tukabadilisha mtindo na huo ndo nawaandikia hapa, vitu karibu vyote unavyohitaji viko jikoni kwenu.

Anza na pale ulipo. Nenda Shela ufukweni, uso uuelekeze jua linapotoka. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini ya ikweta. Sasa fikiria jahazi linaondoka hapo linakwenda mashariki moja kwa moja, halipindi kulia wala kushoto. Ushelisheli italiacha mkono wa kulia, Maldivi mkono wa kushoto, na halitagusa ardhi yoyote mpaka limalize zaidi ya kilomita 6,000, na ardhi yenyewe ni visiwa vya Mentawai, alafu mbele kidogo Sumatra. Yaani jirani yetu wa upande ule ni Mwindonesia, katikati yetu maji tu.

Ukishaliona hilo hali ya hewa unaijua bila kuambiwa. Ikweta inapita juu ya Sumatra, Kalimantan na Sulawesi, kwa hivo joto ni mwaka mzima, na mwaka wao unakwenda kwa pepo kama wetu. Sisi tuna kaskazi na kusi, wao sehemu kubwa wana upepo wa magharibi unaoleta mvua kama Oktoba mpaka Machi, alafu upepo wa mashariki unaokuja na kiangazi. Wenyewe wanaita musim. Msimu, ndiyo, neno hilohilo, wao na sisi tumelitoa kwa Waarabu.

Sasa kachukue sinia la pilau, likiwa tupu bila shaka. (Sisi mara ya kwanza tulichora mchangani nje ya nyumba, tumefika Bali punda akapita juu ya Java na shehena ya mawe, mpwa wangu akasema volkano imelipuka. Tumia sinia.) Upande wa juu ndo kaskazini. Kushoto weka ndizi mzuzu mshazari, kichwa juu kushoto, mkia chini kulia: hiyo Sumatra. Chini ya mkia laza kijiko cha chai kwa upana: Java. Juu ya kijiko, katikati ya sinia, weka mkate wa mofa, huo ni Borneo, lakini mega ile sehemu ya juu uisogeze kidogo manake hapo ni Malaysia na Brunei, iliyobaki kubwa ndo Kalimantan ya Indonesia. Kulia kwa mkate kata karatasi umbo la pweza wa mikono minne, hiyo Sulawesi, na usitumie pweza wa kweli, nakuomba. Mwisho kabisa kulia weka bofulo zima, kisiwa cha New Guinea, nusu yake ya kushoto ndo Papua ya Indonesia na nusu nyingine ni nchi ya watu, Papua New Guinea. Ile ncha ya kushoto ina umbo la kichwa cha ndege na ndivo inavyoitwa hasa, Kichwa cha Ndege. Kutoka ncha ya kijiko kwenda kulia panga mbaazi: Bali, Lombok, Sumbawa, Flores, Timor (Timor nayo imegawanywa, nusu ya mashariki ni nchi huru). Na baina ya pweza na bofulo mwaga karafuu na kungumanga, hapo ni Maluku. Mbona karafuu, nitakwambia.

Visiwa vyote vinapita 17,000, usijaribu kuvihesabu. Unachotaka ni ukubwa uingie akilini. Kutoka ncha ya Sumatra mpaka mpaka wa Papua ni zaidi ya kilomita 5,000. Wazee wetu wakitoka Lamu kwenda Bombay na jahazi walikuwa wakikata kama kilomita 4,200, kwa hivo mtu angefika Bombay akauza boriti zake na bado Indonesia hajaimaliza. Wana saa za aina tatu nchi moja, Jakarta wametutangulia saa nne, Papua saa sita. Watu ni kama milioni 280, wa nne duniani, na ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote.

Hapa utie kidole kwenye kijiko. Java ni ndogo, haifiki robo ya Kenya, lakini zaidi ya nusu ya Waindonesia wote wanaishi hapo, zaidi ya watu milioni 150. Kwa nini? Majivu. Kisiwa chote kimejipanga volkano mgongoni na majivu ya volkano yanafanya udongo wenye rutuba ajabu, mpunga unavunwa mara mbili hata tatu kwa mwaka, na penye mpunga watu wanazaana. Kalimantan ni kubwa mara kadhaa kuliko Java na watu wake ni wachache, misitu na udongo duni. Ukielewa hilo umeelewa siasa za Indonesia nusu, kila mtu anailalamikia Java. Sikuizi wanajenga mji mkuu mpya, Nusantara, huko Kalimantan, manake Jakarta imejaa na inazama, watu wamefyonza maji ya chini mpaka ardhi inashuka.

Volkano hizo usizipite mbio. Nchi iko pale mapande ya ardhi yanapogongana na volkano hai ziko zaidi ya 100. Shika mbili tu. Tambora, kisiwa cha Sumbawa, 1815, ilitupa majivu juu hewani mpaka mwaka uliofuata Ulaya na Amerika mavuno yakaharibika kwa baridi, wakauita mwaka usio na kiangazi. Ya pili Krakatau, baina ya ndizi na kijiko, Agosti 1883, watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi kwa mawimbi, na mlio ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues karibu na Morisi, upande wetu huu wa bahari, watu wakadhani ni mizinga ya meli.

Na ukitaka mtoto aamini kwamba bahari hii ni moja, mwambie kuhusu tarehe 26 Desemba 2004. Alfajiri ya saa zetu ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Aceh, ncha ya juu ya ndizi, kipimo 9.1. Indonesia peke yake walikufa kama watu 170,000. Wimbi likavuka lile lile anga la maji nililokuonyesha pale Shela, mchana wa siku hiyohiyo likafika Somalia likaua watu, na pwani yetu maji yakawa yanatoka na kurudi vibaya, si bamvua ya kawaida. Waulize wavuvi wa umri wangu.

Sasa karafuu. Chukua moja uiangalie kwa karibu, ile kichwa chake kidogo ni ua ambalo halijafunguka, limechumwa kabla halijachanua. Zamani karafuu zote za dunia zilitoka visiwa vichache vya Maluku ya kaskazini, Ternate, Tidore na majirani zao, na kungumanga na basibasi zote zilitoka visiwa vya Banda, kusini kidogo, vinavyotoshea kwenye kiganja. Hakuna pengine. Kwa hivo ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi ukiisoma sawasawa inaelekeza huko. 1498 alipewa rubani Malindi akavuka mpaka Calicut kule Bara Hindi, 1511 Wareno wakaiteka Malaka, bandari ya kwenye mlango wa bahari baina ya Sumatra na Malaysia, 1512 wakafika Maluku kwenyewe. Miaka 14 tu kutoka Malindi mpaka kwenye mti wa karafuu.

Alafu wakaja Waholanzi na hawa ndo wabaya zaidi kwa maoni yangu. Kampuni yao, VOC, ilianzishwa 1602, ikajenga Batavia 1619 (ndo Jakarta), na 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen akaenda Banda akawamaliza wenyeji, waliouawa wakauawa, wengine njaa, wengine wakauzwa utumwa, wakabaki wachache tu, mashamba ya kungumanga akawapa Waholanzi wayalime kwa watumwa. Kisiwa kimoja hapo, Run, urefu kama kilomita 3, kilikuwa cha Waingereza, na kwa mkataba wa Breda wa 1667 Waingereza wakakiacha, wao wakabaki na Manhattan. Ndiyo, ile ya New York. Mpwa wangu hiyo aliisimulia skuli nzima.

Siri ya karafuu ilivuja karibu 1770, Mfaransa Pierre Poivre akaiba miche ikapandwa Morisi, kutoka huko ikafika Unguja na Pemba, na wakati wa Seyyid Said ikawa ndo uchumi. Na kinyume chake sasa, Indonesia ikaja kuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, manake wao wanazitia kwenye sigara, wanaita kretek. Walioanza kuuza wakaja kununua!

Kabla ya Wazungu kumbuka majina matatu yatosha. Srivijaya, ya Palembang kule Sumatra, dola ya bahari kuanzia karne ya 7, ilitajirika kwa kukaa mlangoni pa Malaka na kutoza meli, kazi ambayo miji yetu ya pwani inaijua. Borobudur, jengo la Kibuda la mawe kule Java, karne ya 8 na 9. Na Majapahit, dola ya Kihindu ya Java, ilianza 1293. Bali mpaka leo ni Wahindu wengi. Uislamu uliingia kwa wafanyabiashara, polepole, sultani wa Samudra-Pasai, dola ya kaskazini ya Sumatra, ana kaburi lenye tarehe ya 1297. Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa 1331 alifika Samudra kama miaka 15 baadaye akamkuta sultani ni Mshafii. Masharifu wa Hadhramaut nao walikwenda pande zote mbili, ndo maana maulidi ya Habshi tunayosoma msikiti wa Riyadha hapa Lamu utaisikia pia Solo, mji wa Java, na Jakarta, mahadhi tofauti, maneno yaleyale.

Historia ya karibuni mfundishe kwa tarehe chache alafu umuache. 1928, tarehe 28 Oktoba, vijana waliapa nchi moja, taifa moja, lugha moja, na lugha wakachagua Kimalei cha biashara badala ya Kijava chenye wenyewe wengi, wakakiita Kiindonesia, nchi yenye lugha zaidi ya 700. Mswahili hahitaji kuelezwa hapo. 1942 Wajapani wakaivamia. 17 Agosti 1945 Sukarno na Hatta, viongozi wa kupigania uhuru, wakatangaza uhuru, Waholanzi wakapigana wakakubali Desemba 1949. 1955 mkutano wa Bandung, mji wa Java, nchi 29 za Asia na Afrika, sisi bado tuko chini ya Mwingereza na hali ya hatari. 1965 na 1966 mauaji ya walioitwa makomunisti, watu si chini ya nusu milioni, usimfiche mtoto mkubwa. Jenerali Suharto akatawala mpaka Mei 1998. Timor Mashariki, waliyoivamia 1975, ikawa huru 2002.

Makosa nimeyasikia mengi, haya mawili yananiudhi zaidi. Moja, mtu anasema Bali ni nchi. Pili, ati Waholanzi walitawala Indonesia miaka 350, hata Waindonesia wenyewe wanalisema, lakini vita vya Aceh vilianza 1873 na kuendelea mpaka karne ya 20, na Bali ya kusini ilianguka 1906 na 1908. Miaka 350 ni ya ngome chache, si ya nchi nzima.

Mwisho mpe maneno, hii ndo sehemu watoto wanapenda. Dunia ni dunia. Bendera ni bendera, Wareno walituachia wote. Meza ni meja, sabuni ni sabun, nanasi ni nanas, sababu ni sebab. Orangutan yule sokwe wao ni orang hutan, mtu wa msituni. Na ukikutana na Mwindonesia, labda mtalii pale forodhani ama baharia Mombasa, mwambie "apa kabar?", kabar ni habari. Akikujibu "kabar baik" basi ni njema, kaa chini umwitie kahawa.