Kwa kila mwenzako wa kozi, andika namba mbili

Sisi tuliopita chuo cha maafisa wa jeshi cha Monduli kabla ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 tunagonga miaka 70, na laini za simu zinatupotea. Kwa kila mwenzako wa kozi andika daftarini namba mbili: yake, na ya mtu anayeishi naye nyumba moja, awe mkewe, binti au mjukuu. Kisha piga hiyo ya pili siku hiyohiyo, mzee akiwa karibu, akutambulishe mwenyewe: “Huyu tulikuwa naye chuoni.” Usiruke hatua hii. Namba ngeni watu hawapokei, lakini baba akishalitaja jina lako, nyumba itakupigia hata akilazwa. Akipoteza simu, laini ikifungwa kwa kutotumika, au masikio yakichoka, bado una pa kumpata. Kwa anayeishi peke yake haifai. Chukua namba ya jirani. Mjukuu naye akihamia mjini, hatajua babu yake ameamkaje, kwa hiyo zihakiki kila mwaka. Mimi huzipitia Septemba 1, tarehe Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipoundwa mwaka 1964. Siku hiyo kila mmoja wetu ana hamu ya kuongea.