Somo: Karanga nyuma ya nyumba, na maswali yenu

Wapendwa, mvua za vuli zinakaribia na wengi mmeniomba somo la karanga. Mimi nalima hapa Buswelu, Mwanza, kipande cha mita mbili kwa tano kilichobanwa na mawe. Kinanipa karanga za kuungia nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) na za kutafuna na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa), na wajukuu wamejua karanga inatoka wapi.

Kwanza uelewe mmea wenyewe, maana ukiuelewa kazi yote inakuwa na sababu. Karanga huchanua juu ikazaa chini. Ua lake dogo la njano hufunguka alfajiri, na jua likiwa kali linanyauka. Siku chache baadaye, pale palipokuwa na ua, hutokea kijiti chembamba kama sindano, rangi ya zambarau, kinaelekea chini. Kikigusa udongo laini kinazama, na ncha yake inavimba kuwa ganda. Kikikuta udongo mgumu kinakauka hapo hapo juu, na karanga hiyo umeikosa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni udongo. Udongo wa kichanga, huu tunaouita luseni, ndio wenyewe. Chota konzi ya udongo wenye unyevu, ufinye, kisha uachie. Ukisambaratika, panda. Ukibaki donge lenye alama za vidole vyako, huo ni mfinyanzi na unahitaji kazi zaidi. Tifua kina cha jembe zima, toa mawe na mizizi, changanya mboji iliyoiva. Urea usiweke: mizizi ya karanga ina vinundu vyenye bakteria wanaotengeneza naitrojeni, na ukiizidishia utavuna majani. Fosforasi ndiyo ya kuongeza, na mbolea ya Minjingu inafaa kwa kuwa ina chokaa pia.

Mbegu. Tafuta karanga mbichi zikiwa bado ndani ya maganda, uzimenye kwa mkono siku mbili tatu kabla ya kupanda. Iliyopasuka au kuchubuka ngozi ile nyembamba huoza kabla haijaota. Ukipata Pendo, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Naliendele kule Mtwara, chukua. Inakomaa kwa siku 90 hadi 100. Ukipanda mwanzoni mwa Novemba utavuna Februari, mvua zikiwa zimepungua kidogo, na hilo litakusaidia sana kwenye kukausha.

Panda udongo ukishalowa vizuri. Mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 10, kina sentimita 5, mbegu moja moja. Kipande kama changu kinachukua mbegu kama 200. Funika juu kwa matawi ya miiba mpaka zichipue, la sivyo kunguru na kuku wa jirani watazifukua zote asubuhi moja.

Palizi ndipo wengi tunapoharibu. Palilia mapema, ukisogeza udongo tifutifu kidogo karibu na shina. Maua yakishatoka, kwenye siku ya 30 hivi, jembe liweke ndani. Magugu yang'oe kwa mkono, taratibu. Mwaka wangu wa kwanza niliingia na jembe siku ya 50. Sindano zilikatika kila nilipopita, nyingine zikabaki zinaning'inia. Tulipong'oa, shina lenye majani mazuri lilikuwa na maganda matatu, manne. Niliumia sana.

Kuvuna usitazame majani peke yake. Ng'oa shina moja, pasua maganda kumi. Saba au nane yakiwa na weusi au kahawia upande wa ndani, zimeiva. Ng'oa zote, kung'uta udongo, zigeuze maganda yaangalie juu zianikwe. Kisha chambua, maliza kukausha juu ya turubai, kamwe si chini kwenye ardhi, mpaka ukitikisa ganda usikie karanga zinagonga ndani.

Maswali

Dada wa Igoma: Shikamoo mama. Nimepanga, sina kiwanja. Naweza kupanda kwenye ndoo?

Marahaba mwanangu. Unaweza. Ndoo ya lita 20, itoboe chini, jaza kichanga na mboji, panda mashina mawili tu. Kama una beseni pana lililopasuka, hilo ni bora zaidi, kwa sababu sindano zinahitaji nafasi ya kushukia pembeni.

Kaka wa Misungwi: Kwangu ni mbuga, udongo mweusi. Niache?

Usiache, ila usipande ulivyo. Inua tuta la nusu mita, uchanganye mchanga mwingi. Waingereza walipoanza mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa mwaka 1947, moja ya mambo yaliyowaangusha ni udongo wa mfinyanzi uliokauka ukawa mgumu kama tofali.

Mama wa Sengerema: Majani yangu yamekuwa madogo ya njano, yamesongamana. Jirani anasema niweke urea.

Hapana mama mwenzangu, hiyo ni rozeti. Ni virusi, vinaletwa na vidukari, na shina likishaugua halina dawa. Ling'oe sasa hivi ukalichome. Msimu ujao panda mapema na usiache mapengo. Shamba lililofunga haliwavutii vidukari sana.

Dada wa Nyegezi: Maganda yangu ni makubwa lakini ndani hamna kitu.

Mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu. Ganda hunyonya kalsiamu lenyewe kutoka kwenye udongo linamolala, halisubiri mizizi. Wakati wa maua nyunyiza jasi, yaani unga wa madini yenye kalsiamu, juu ya udongo kuzunguka shina, na usiruhusu ukauke.

Mama wa Ilemela: Zangu zimepata ukungu kidogo. Nikizikaanga vizuri si zitafaa? Au niwape kuku?

Tafadhali, mama, zitupe. Ukungu ule unatengeneza sumukuvu, inaharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Kuku nao inawadhuru. Na wewe uliyezoea kulowesha maganda kwa maji ili yamenyeke kirahisi, acha kuanzia msimu huu. Unyevu ule ndio unaoukaribisha ukungu kwenye karanga uliyohangaika kuikausha.