Kabla Hujashuka Mtoni Palipo na Mamba

Kwanza ujue wanakoishi. Rufiji, Ruvuma, Kilombero, Ziwa Rukwa, Ziwa Victoria. Kwa Kenya, Tana na Turkana. Aligeta unaowaona kwenye video wako kusini-mashariki mwa Marekani na China, hutakutana nao Utete. Wetu ni mamba wa Naili, na mkubwa hupita mita nne. Wanaosema hagusi maji ya chumvi hawajafika kwenye mikoko ya delta ya Rufiji.

Maji yakitulia usijipe moyo. Maji ya magotini yanamtosha kujificha.

Usiparue samaki ukingoni. Usioge jioni. Akikutokea nchi kavu, achana na habari za kukimbia kwa kona kona. Nyoosha moja kwa moja uyape maji kisogo, hafukuzi mbali.

La kuchota maji nitalisema kwa kirefu. Kijiji kimoja kando ya Rufiji, bomba limekufa, kina mama wanateremka sehemu ile ile, saa ile ile, kila jioni. Mamba hushika ratiba kuliko mwalimu mkuu. Akachukuliwa mama mmoja. Badala ya watu kuhama pale, ikasemwa huyu si mamba wa Mungu, ni wa kutumwa. Akaitwa mganga, kuku akachinjwa, mto ukafungwa. Watu wakarudi na ndoo zao palepale, na safari hii wanaingia bila hofu. Haukupita muda akadakwa kijana, mkono. Kaka zake wakamvuta huku yeye akimchoma mnyama vidole machoni mpaka akaachia. Mkono haukupona. Nilikuwepo alipopakiwa kwenye bodaboda, amefungwa kanga. Ndipo miti ikakatwa, uzio ukasimikwa majini. Miti hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo: badilisha sehemu na saa. Simama juu ya ukingo, tumia ndoo ya kamba au kata ya mpini mrefu. Unataka mganga? Mlete, hayo ni yako, lakini uzio kwanza. Na uzio ukaguliwe kila baada ya mafuriko, kwa sababu mti mmoja uking'oka mamba anaingia, na hapo mmejifungia naye ndani.

Ukiona mamba analala mchangani na haondoki, huenda ni jike juu ya mayai. Huyalinda kama miezi mitatu. Zunguka mbali.

Mvua zikizidi, mamba hufuata maji mpaka kwenye mashamba ya mpunga, basi hata mfereji uutazame kabla hujakanyaga. Mtumbwi usijazwe, mikono isining'inie nje. Mtoto asitumwe maji peke yake. Na aliyekunywa asishushwe mtoni hata kunawa uso, mpeni ndoo hukohuko nyumbani.