Namna ya Kujitolea Kusaidia Warsha ya Walimu Mikokoni, Mikindani

Anayejitolea aanze na kalenda ya maji. Chagueni siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa sababu katika pwani yetu maji ya siku hizo hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na walimu wakiingia saa tatu hupata muda wa kutosha kabla maji hayajaanza kujaa.

Ombeni ridhaa ya ofisi ya kata na serikali ya mtaa, na kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu nao wahusishwe mapema. Upande wa Msimbati kibali huombwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Siku yenyewe, kila kundi lipewe kamba, vijiti vinne na penseli, kwani wino huchuruzika karatasi ikilowa. Walimu wapime mraba wa mita moja chini ya mchu, ambao ni aina ya mkoko, wahesabu matundu ya kaa na mizizi iliyochomoza topeni, ambayo haifai kukanyagwa kwa kuwa mti huvuta hewa kupitia hapo. Kisha mmoja aonje jani la mchu, nawe usimdokeze kwamba atakuta chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa. Wanaojitolea huharibu warsha kwa kujibu upesi, ilhali mwalimu ndiye atakayesimama mbele ya wanafunzi, na anahitaji kuwa amelitafuta jibu kwa mikono yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Sikusoma baiolojia. Nitafaa?
Jibu: Utafaa sana. Tunahitaji mtu wa kuhesabu watu wanapoingia na kutoka, na mtu wa kuangalia maji. Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wanazijua njia za topeni kuliko sisi sote.

Swali: Walimu wakiuliza posho?
Jibu: Barua ya mwaliko ieleze wazi kama ipo nauli na chai tu.

Swali: Sisi tuko Newala, mbali na bahari. Tufanyeje?
Jibu: Pimeni mraba huo huo chini ya mkorosho, kisha walimu wawafuatilie maji moto, yaani sisimizi wakali wa mitini, wanavyopanda shina na kuandika wadudu wanaowabeba kwenda kiotani. Maji moto huwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza na kuharibu machipukizi ya mkorosho, kwa hiyo somo hilo litamgusa kila mwalimu mwenye shamba. Wavae nguo za mikono mirefu, maana wanauma.