Droo ina shoti? Anza na mkono wa bosi

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, upande wa Gerezani. Ana wafanyakazi sita. "Kaka, njoo kabla sijamfukuza huyu binti wa kaunta. Ananiibia." Shoti, yaani pesa iliyopungua kwenye droo, kwa wiki tatu ilikuwa shilingi 412,000.

Nilishuka kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni, tukafunga mlango, tukamwaga makaratasi yote mezani. Hadi saa nne usiku tulishajua zilikokwenda 380,000. Mwenye duka mwenyewe alichukua 265,000. Kuli na watu wa mikokoteni walilipwa 84,000 bila karatasi. Makato ya kutolea pesa kwa wakala yalikula 31,000. Zilibaki 32,000, nitazirudia.

Huyu ni wa tatu kuniita mwaka huu kwa kesi ileile, kwa hiyo naandika tulivyopanga.

Mahitaji: kaunta buku, kitabu cha vocha chenye karboni (vocha ni karatasi inayoandikwa kila pesa ikitoka), kalamu ya wino na droo mbili zenye funguo. Excel isubiri. Kundi la WhatsApp ndilo silitaki kabisa. Ujumbe unafutika, picha ya risiti inapotelea kati ya salamu za asubuhi na tangazo la msiba, na keshia akikosea anaaibishwa mbele ya wenzake wote kabla hajaulizwa.

Hatua ya 1: Tenga droo mbili

Moja ya mauzo, moja ya matumizi madogo. Ya matumizi iwekee kiasi kisichobadilika. Sisi tuliweka 150,000 kwa wiki. Saa yoyote ukiifungua, pesa taslimu ukijumlisha na vocha lazima vifike 150,000. Jumatatu unarudishia kilichotumika. Ya mauzo haitoi hata mia.

Hatua ya 2: Bosi asaini kabla ya kuchukua

Hapa ndipo watu wote wanapokwama, na mimi mwenyewe niliwahi kukwama vibaya.

Zamani nikisimamia duka la spea, zilipotea 140,000. Nilimkata keshia, kijana mpole, miezi miwili. Akaacha kazi. Baadaye napekua diari yangu natafuta namba ya fundi, nakuta nimeandika kwa mkono wangu: "droo 140, hospitali". Nilizichukua Ijumaa moja mama yangu alipolazwa, nikasahau. Nilimpigia yule kijana nikamrudishia. Alinishukuru kwa adabu zote. Nilipomwomba arudi kazini akasema, "Hapana, bosi. Nimeshapata pengine." Hakuwa amepata.

Kwa huyu dada nilikaa siku nzima nikitazama inavyotokea. Simu kaibana begani, boda anaunguruma mlangoni, mkono unaingia kwenye droo: "Chukua hii thelathini, andika baadaye." Baadaye ina wateja wanne na fundi bomba anayelalamikia kona ya inchi moja. Jioni binti anabaki na shoti ya elfu thelathini na hawezi kusema kitu, maana atamwambiaje bosi wake kwamba mwizi ni yeye?

Kanuni ni moja: hakuna pesa inayotoka bila vocha, na bosi anasaini kama kuli anavyosaini. Inasemeka kirahisi. Sasa angalia mianya yake.

Kwanza, "nitarudisha kesho" nayo ni vocha. Ukirudisha, inaandikwa imerudi. Usichane ile ya mwanzo.

Pili, simu. Uko Mbezi, unapiga: "Nitumie hamsini haraka." Keshia atume, aandike saa na namba ya muamala, pamoja na makato, na wewe kesho ukiingia unasaini kabla hujavua hata koti. Usiposaini, hakuna kutumiwa tena.

Tatu, jamaa. Mume, shemeji, mtoto aliyepitia duka akitoka shule: wote hawachukui kwa jina la bosi. Huyu dada hili lilimuuma. Tulibishana nusu saa juu ya shemeji peke yake.

Nne, mzigo. Mifuko mitano ya saruji kwenda kwenye nyumba yako unayojenga Chanika ni pesa vilevile. Iandike kwa bei uliyonunulia. Nimeona upungufu wa stoo unamgharimu mtu kazi kwa sababu ya choo cha bosi.

Tano, na hii naishikilia sana: jilipe mshahara. Mwenye duka asiye na mshahara hula kidogo kidogo kila siku, na mwisho wa mwezi hajui kala kiasi gani. Panga kiasi, chukua tarehe ileile wanayolipwa wengine, basi.

Sita, mpe keshia ruhusa ya kukukatalia, na uitamke mbele ya wote. Kisha itabidi ukataliwe kweli, la sivyo hawatakuamini. Jumanne iliyofuata dada alinyoosha mkono kama kawaida yake. Binti akafunga droo taratibu, akasukuma kitabu: "Samahani dada, saini kwanza." Mzee wa stoo alijifanya anahesabu misumari. Dada akasaini. Mimi naona duka lilibadilika dakika ile. Yale mahubiri yangu ya juzi yake hayakusaidia kitu.

Hatua ya 3: Funga hesabu watu wawili

Kila jioni. Keshia anahesabu, mwingine anashuhudia, wote wanasaini. Malipo ya simu linganisha na taarifa ya lipa namba yenyewe. Meseji aliyokuonyesha mteja kwenye simu yake si ushahidi, zinatengenezwa.

Hatua ya 4: Shoti isikatwe kwa mdomo

Ile tabia ya "mtagawana" ni ya kuacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumkata mtu mshahara kufidia hasara kwa kuwa tu alikuwa zamu. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokipiga hesabu, umpe nafasi ya kupinga. Usikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Ukimfukuza kwa hasira bila utaratibu, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko utaulizwa karatasi.

Kabla ya barua yoyote, kaeni wawili, ofisini, siyo kaunta. Muulize imekuwaje, kisha nyamaza. Huyu dada kunyamaza kulimshinda mara mbili.

Hatua ya 5: Risiti ya uongo

Atakuja mnunuzi wa kampuni: "Nimechukua vya laki nne, niandikie laki tano, hamsini ya kwako." Mwambie hapana, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inatoka na kilicholipwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa hata sekta binafsi, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Utapoteza wateja wawili watatu, sitakudanganya. Lakini ukimtuma keshia akamwandikie mtu uongo saa nne asubuhi, usimtegemee akuandikie ukweli saa kumi na mbili jioni.

Zile 32,000

Dada alitaka binti alipe nusu. Nikakataa. Tuliandika kwenye kaunta buku "haijulikani", akasaini yeye mwenye duka, tukaisomea kila mtu Jumamosi wakati wa chai.

Jumamosi iliyofuata mzee wa stoo alimsubiri dada mlangoni. "Mwanangu, elfu kumi na mbili nilimpa mtu wa guta, mzigo wa Tabata. Niliogopa kusema, hapa ukisema unalipa." Dada akachukua kitabu, wakaandika vocha palepale, mzee akasaini kwa herufi zake kubwa za kulalia upande.

Zimebaki 20,000. Bado zimeandikwa "haijulikani".