Potasiamu kwa mgonjwa wa ketoasidosisi: usikimbilie insulini

Juzi daktari wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza zamu ya usiku kuhusu mgonjwa wa ketoasidosisi (kisukari kilichojaza damu asidi kwa kukosa insulini): "Dokta, potasiamu ni 4.8, iko sawa kabisa. Mbona unamwongezea?" Nawaandikia wote wenye swali hilo. Namba ile (mmol kwa lita) ni ya damu tu. Potasiamu imetoka ndani ya seli na imekuwa ikimwagika kwenye mkojo siku nzima, hivyo akiba ya mwili imepungua. Insulini ikiingia, iliyobaki hurudi ndani ya seli na damu hubaki tupu.

Hatua ya 1. Chukua damu, fungua dripu ya chumvi ya asilimia 0.9.

Hatua ya 2. Subiri majibu ya potasiamu kabla ya insulini. Ikiwa chini ya 3.5, insulini ingoje: toa potasiamu mmol 10 hadi 20 kwa saa mpaka ipite 3.5. Kati ya 3.5 na 5.0, anza insulini na uweke mmol 10 hadi 20 katika kila lita. Juu ya 5.0, anza insulini bila potasiamu, upime tena baada ya saa 2.

Lakini namba yenyewe uihoji. Niliwahi kuletewa 6.1, nikazuia potasiamu huku insulini ikitembea. Saa kadhaa baadaye mgonjwa alishindwa kuinua shingo. Kipimo cha marudio kikasoma 2.9. Damu ya kwanza ilivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu zikapasuka na kumwaga potasiamu yao kwenye sampuli. Sasa huwauliza maabara kama maji ya damu yalikuwa mekundu, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) naisoma mwenyewe: mawimbi ya T yaliyochongoka (potasiamu juu), au yaliyolala (potasiamu chini)? ECG ya kawaida haitoshi kuondoa hofu. Ukiwa na shaka, vuta damu upya.

Hatua ya 3. Hakikisha mkojo unatoka. Usipotoka, mwite bingwa kabla ya kuongeza potasiamu.

Hatua ya 4. Napendelea dripu iliyochanganywa kiwandani. Ukilazimika kutumia ampuli, shusha mfuko wa dripu kutoka kwenye stendi, dunga, kisha upindue juu chini mara kadhaa. Ukidunga mfuko ukiwa umening'inia, potasiamu hutuama chini na kuingia moyoni kwa mkupuo. Kamwe usiisukume kwa bomba moja kwa moja mshipani. Ukizidi mmol 10 kwa saa, mgonjwa awe kwenye mashine ya kufuatilia moyo.

Hatua ya 5. Pima kila saa 2, lenga 4 hadi 5. Ikigoma kupanda, pima magnesiamu. Ikiwa chini na usiirekebishe, figo zitaendelea kuimwaga potasiamu unayoitia.